Konda aliniita mama kijacho, nikakaa: uvimbe kwenye kizazi na maswali ya mtaa

Binti Rangi Tatu (mleta uzi)

Habari za usiku wakuu. Huu uzi nimeshauandika mara tatu na kuufuta. Leo nauacha, mtakaocheka mcheke.

Nina miaka 34, sijaolewa, sina mtoto. Naishi Mbagala, nafanya kazi duka la vitambaa Kariakoo. Wiki sita zilizopita nilipasuliwa kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Vilitoka vivimbe 14, kikubwa kama embe dodo. Kizazi kimebaki. Usingizi ninaoulala siku hizi sijaulala miaka mingi, ilipaswa niwe nashangilia tu. Badala yake nimehama kituo cha daladala. Kila asubuhi nazunguka robo saa nzima ili nisipite mbele ya mama mmoja muuza vitumbua, kwa sababu yule mama anajua nina mimba.

Nianze mwanzo. Mwaka 2021 sketi zilianza kugoma kufunga. Nikasema kitambi. Nikaacha wali wa usiku, nikanunua kamba ya kuruka. Mikono ikakonda, mashavu yakaingia ndani, tumbo liko palepale, tena gumu. Sasa mwanamke mwembamba mikono na shingo, tumbo limetangulia mbele, mtaa una jibu moja tu. Nikahamia kwenye madera. Nauza vitambaa vya kila namna lakini mwilini navaa mahema.

Siku zangu zikawa siku tisa. Pedi mbili kwa mpigo na kipande cha kanga juu yake, na bado natoka na mabonge kama maini. Dukani nilikuwa nakaa juu ya mfuko wa rambo, nikiukunja vizuri chini ya dera ili usipige kelele nikiinuka. Halafu nikaanza kula udongo. Mimi, ambaye nilikuwa nawacheka wenzangu. Yule muuza udongo sokoni akanifungia wa mia tano na kuniuliza, "Huyu wa ngapi?"

Siku ya siku, nimesimama ndani ya daladala, miguu inatetemeka, konda akapaza sauti: "Kaka wa shati jeupe, mpishe mama kijacho akae!" Watu wakageuka. Nilikuwa na nafasi ya kusema sina mimba. Ningesema nini baada ya hapo? Nikakaa. Wakuu, kile kiti kilikuwa kitamu, siwezi kuwadanganya.

Kesho yake muuza vitumbua, ambaye alikuwepo ndani ya gari ile, akaniuliza: "Mwanangu, mingapi?" Nikajibu: "Mitano." Lilitoka lenyewe. Tangu siku hiyo nikinunua vitumbua vinne ananitilia cha tano, anasema hiki cha mtoto. Konda wa ile njia akaniwekea siti. Bosi wangu mwenyewe, bila kuniuliza kitu, akaniletea stuli. Nikajikuta nina mimba ambayo kila mtu anailea isipokuwa mimi.

Nikaanguka dukani nikipima vitenge. Hospitali wakapima wingi wa damu, ilikuwa 6.1. Ultrasaundi ikamaliza mjadala. Niliongezewa damu kwanza, ndugu wakaja kuchangia, baadaye nikapangiwa upasuaji.

Sasa nimerudi tumbo likiwa limeisha. Mimba ya miezi sita ikipotea na mtoto haonekani, mtaani kuna majibu mawili: amekufa au umemtoa. Jirani mmoja alikuja na sukari kilo mbili, akanikumbatia: "Pole mwaya, Mungu atakupa mwingine." Nikapokea sukari. Wengine hawaji na kitu, wananiangalia tu tumbo na kunyamaza nikipita.

Ushauri ninaouomba ni mmoja: yule mama wa vitumbua nimwambieje? Na kama kuna waliopita huku, semeni, nimechoka kudhani niko peke yangu.

Kofia Nyeupe

Pole mwanangu, na hongera kwa kutoka salama. Nimefanya kazi wodi ya magonjwa ya wanawake miaka 26 na uongo wako huo nimeusikia kwa midomo mingi. Wengine walikuwa wananunua hadi nguo za mtoto.

Acha niseme ya kitaalamu kidogo, maana wanaosoma hapa kimyakimya ni wengi. Uvimbe wa aina hii, fibroidi, unaota kwenye nyama ya kizazi chenyewe na kwa sehemu kubwa sana si saratani. Nao si jambo la nadra. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa wanawake weusi zaidi ya 8 kati ya 10 wanakuwa nao wakifika miaka 50. Wengi hawajui maisha yao yote kwa sababu hauwasumbui. Kinachoamua mateso ni mahali ulipokaa. Unaosukuma kuelekea ndani, kwenye utando unaotoka kila mwezi, hata ukiwa mdogo kama zabibu unaweza kukumalizia damu. Unaoota kwa nje unaweza kuwa mkubwa kama nazi na hedhi ikaenda sawa tu, ila tumbo linatoka na mkojo hauishi kwa sababu kibofu kinabanwa.

Huo udongo uliokuwa unakula haukuwa uroho. Mwili ukiishiwa madini ya chuma watu wengi hutamani udongo, barafu, wanga mbichi. Balaa ni kwamba udongo wenyewe unazuia chuma kisiingie mwilini. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na damu 12 kwenda juu; chini ya 8 tunahesabu ni upungufu mkali. Wewe na 6.1 ulikuwa unapima vitenge! Vidonge vya chuma bado unameza, naamini. Meza na maji au juisi ya chungwa. Si na chai.

Dereva wa Tunduma

Mimi ni mwanaume naomba mniruhusu. Naendesha lori, nyumbani nafika mara moja kwa mwezi, wakati mwingine na nusu.

Mke wangu alipimwa akiwa peke yake. Nimerudi nakuta karatasi juu ya meza, daktari kaandika kizazi kina ukubwa wa wiki 22. Nikatoa simu nikafungua kalenda. Nikahesabu. Wiki 22 nyuma nilikuwa nimekwama mpakani siku kumi na nne na mzigo. Wakuu, nilihesabu mara nne kwa kuanzia pande zote mbili.

Sikumpiga, sikutukana. Nilinyamaza wiki mbili, na nadhani ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko matusi. Yeye alijua nimenyamaza kwa sababu namwona mgonjwa asiyezaa. Kila mmoja ana msiba wake chumba kimoja. Mpaka dada yake alipouliza kwa simu upasuaji lini.

Kwa nini madaktari wanaandika hivyo? Si wangeandika sentimita?

Kofia Nyeupe

Dereva, pole, na usijione mjinga, umewazidi wengi waliorudisha mke kwao kabla ya kuuliza. Ni kipimo cha zamani cha mkono. Kizazi chenye mimba ya wiki 12 kinaanza kushikika juu kidogo ya mfupa wa kinena, cha wiki 20 kinakaribia kitovu. Kwa hiyo tukigusa uvimbe tunasema "umefika wiki fulani" tukimaanisha urefu tu. Sisi kwa sisi tunaelewana. Kosa ni kumpa mgonjwa karatasi bila kumweleza, na hilo tunalifanya kila siku.

Jembe Butu

Mabinti mnameza vidonge vya kuzuia mimba tangu shule, mnatoa mimba kama mnanyoa nywele, uvimbe ukija mnalia stigma stigma. Zaeni mapema muone kama mtaumwa.

Mama Watano

Jembe, jina limekukaa. Mimi nimezaa watano, wa kwanza nikiwa na miaka 20, na nimetolewa uvimbe 2018. Nilizaa mapema kiasi gani unachotaka wewe?

Kofia Nyeupe

Nitamjibu hata kama hakustahili. Ni kweli waliozaa hupata uvimbe kwa uchache kuliko ambao hawajazaa, hilo limeonekana. Uchache, si kinga, na Mama Watano ni shahidi. Kutoa mimba hakuoteshi fibroidi. Vinavyohusika ni homoni za kawaida za mwanamke, ukoo (mama na dada zako wakiwa nao na wewe angalia), na kuvunja ungo mapema. Ndiyo maana hedhi ikikoma ukubwani vinasinyaa vyenyewe. Hakuna dhambi kwenye orodha hiyo.

Mwanamvita

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu, yangu si uvimbe, ni ndevu.

Nna ule ugonjwa wa homoni wa ovari, wanouita PCOS. Hedhi huja baada ya miezi mitatu, minne, ikitaka. Shingo imefanya weusi kama sijaoga, na kidevuni naota ndevu hasa, si vinyweleo vya malaika. Shirika la Afya Duniani husema wanawake kama 6 mpaka 13 katika kila mia wa umri wa kuzaa wanao, na wengi wao hawajapimwa. Mie nilikaa miaka kumi nikidhani ni mie pekee Mungu aliyenisahau kunigawia jinsia moja.

Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, kabla mume hajaamka, najifungia chooni na wembe. Watu wakaniambia ukinyoa zitazidi unene, kumbe si kweli, ni ile ncha iliyokatwa tu ndiyo hukwaruza. Lakini kufikia alasiri kidevu kishakwaruza.

Sasa sikiza. Nikavaa ninja, uso wote nikaufunika. Wallahi nilivosifiwa! Mama mkwe akatangaza mtaa mzima mkaza mwanawe ameshika dini. Wanawake wakaniomba niwaombee dua. Na mie nilikuwa naficha ndevu. Kila sifa iliniuma kuliko tusi, maana niliona namdanganya Mola na waja wake pamoja. Kwa hivyo hicho kiti cha daladala nakielewa sana. Mtu hukaa pale walipomuekea.

Nishapata matibabu, sukari ya mwili imedhibitiwa, vidonge vya homoni natumia. Ndevu zimepungua, hazijaisha. Ninja bado navaa, safari hii kwa kutaka mwenyewe.

Dawa Asili Og

Dada zangu msikubali visu. Nina mchanganyiko wa mizizi, uvimbe unayeyuka siku 21 bila upasuaji. Njoo inboksi.

Binti Rangi Tatu (mleta uzi)

Nilishapita kwako au kwa ndugu yako. Vile vipira vya kuweka ukeni, elfu 180 kwa dozi. Siku ya tatu vikatoka vinyama vyeupe nikapiga picha, nikamtumia muuzaji, akaniambia hongera, uvimbe huo unatoka. Nikafurahi nikaongeza dozi. Miezi saba nimeipoteza hapo, na ule mwasho sitausahau.

Kofia Nyeupe

Vile vinyama ni utando wa uke wako mwenyewe uliochubuliwa na dawa. Uvimbe uko ndani ya nyama ya kizazi, hauna njia ya kutokea hapo. Dawa za hospitali zipo za kupunguza damu, kuna kitanzi chenye homoni kwa baadhi ya wagonjwa, na sindano za kusinyaza kwa muda kabla ya upasuaji. Ninasema kusinyaza. Anayeuza kuyeyusha mwogopeni.

Kovu la Kusimama

Mmesahau sisi tuliotolewa kizazi chenyewe.

Nilikuwa na miaka 41, watoto wawili. Damu haikukatika, nikasaini. Nimepasuliwa mkato wa kusimama kuanzia kitovuni, na ngozi yangu ni ya makovu yanayovimba, kwa hiyo nina kamba ya ngozi tumboni. Kulizoea kovu ilichukua mwaka mmoja. Kuzoea maneno bado.

Kwa ndugu wa mume naitwa "yule mtupu". Wifi aliniuliza, kwa upole kabisa, kama naweza bado "kukaa na mume". Mwingine akasema nitaota sauti nzito. Nikamwambia ovari zangu zote mbili ziko humu, waliondoa nyumba ya mtoto, hawakuondoa uanamke. Akasema haya. Sidhani alisikia.

Kinachonishangaza ni mume. Huyu bwana hajawahi kusema neno baya, ila taa alikuwa hazimi zamani, sasa anazima. Sijui ananisitiri au anajisitiri. Sijamuuliza. Mwaka wa nne huu.

Dereva wa Tunduma

Muulize dada. Mimi wiki mbili tu ziliniua.

Msomi wa Ukumbini

Nachangia kidogo. Mwigizaji Lupita Nyong'o alisema hadharani Julai 2025 kwamba mwaka uleule wa 2014 aliopata Oscar ndio aligundua ana vivimbe 30. Alikaa kimya miaka kumi na zaidi. Mtu mwenye madaktari wote wa Marekani mlangoni! Sasa muuza vitambaa wa Kariakoo tumlaumu kwa lipi?

Mwanamvita

Na Njambi Koikai, mtangazaji wetu wa Kenya, Mungu amrehemu. Yake ilikuwa endometriosisi, ule utando wa kizazi uliota mpaka kifuani, mapafu yakawa yasinyaa kila mwezi. Alisema wazi redioni na mitandaoni wakati watu walimwambia maumivu ya hedhi ni ya kila mwanamke, vumilia. Alifariki Juni 2024. Kuna mabinti Kenya wamekwenda hospitali kwa sababu yake tu, na mmoja ni binti ya dadangu.

Kovu la Kusimama

Mleta uzi, turudi kwenye vitumbua. Usimwambie. Hama kituo moja kwa moja. Watu hawastahili taarifa za kizazi chako.

Mama Watano

Mwambie. Utazunguka robo saa mpaka lini, na kidonda hicho? Na usibebe kitu kizito kabla ya daktari kuruhusu.

Kofia Nyeupe

Mimi sina ushauri wa vitumbua. Ila omba maelezo ya upasuaji wako kwa maandishi na uyatunze kama cheti cha kuzaliwa. Ukipata mimba ya kweli, mkunga lazima ajue kizazi kilikatwa kina gani, maana kuna wanaolazimika kujifungua kwa upasuaji kwa sababu hiyo. Hapo ndipo aibu inapokuwa hatari. Nimeona mama amefika na uchungu, anakana kwamba aliwahi kupasuliwa kwa sababu mama mkwe amesimama pembeni.

Binti Rangi Tatu (mleta uzi)

Mrejesho, siku ya nne tangu nianzishe uzi.

Leo nimepita kituo cha zamani. Nilikuwa nimejiandaa maneno usiku kucha, nilipofika yakapotea yote. Mama alikuwa anageuza vitumbua, akaniangalia usoni, halafu tumboni, halafu akaendelea kugeuza. Nikamwambia, "Mama, haikuwa mimba. Ilikuwa uvimbe, nimepasuliwa. Nilikudanganya."

Kimya. Mafuta yanachemka tu. Kuna mteja akaja akanunua vya elfu moja, akaondoka. Nikadhani hataongea.

Akasema: "Mimi nilikuwa nakuombea kila Alhamisi."

Nikasema najua, nisamehe.

Akasema: "Nilimtaja kwa jina. Nilishampa jina." Hakunitajia ni jina gani na sikuthubutu kuuliza.

Wakuu hapo nililia barabarani na dera langu. Nimemlilia mtoto ambaye sijawahi kuwa naye. Miaka yote hii ya pedi na ultrasaundi na kisu, sikuwa nimelia hata siku moja. Yeye hakulia. Akanipa gazeti la kufungia vitumbua nijifute.

Baada ya muda akauliza, akiwa anaangalia kikaango: "Huyo daktari alikuwa anapatikana siku gani?" Nikamtajia kliniki na siku. Akauliza kama wanachukua bima, nikamwambia aende na kadi. Hakusema ni ya nani na mimi sikuuliza, nimejifunza hilo kwa gharama.

Nikanunua vinne kama kawaida. Nilipofungua dukani vilikuwa vinne.

Kovu la Kusimama

Nimesoma nikiwa jikoni. Nimeshindwa kukata kitunguu.

Kofia Nyeupe

Umefanya vizuri. Na hivyo vinne ulishushia na nini? Usiniambie chai, na kidonge cha chuma umekimeza saa hiyohiyo.

Binti Rangi Tatu (mleta uzi)

Chai ya maziwa nesi. Kesho.